Mvua Ikinyesha, Sakafu Inatapika

MUULIZE FUNDI BOMBA

Swali: Shikamoo Babu. Nimekulia Manzese, sasa naishi Rogers Park, Chicago, kwenye nyumba ya kupanga iliyo nusu chini ya ardhi, na wanangu watatu. Ikinyesha mvua kubwa, maji machafu yanapanda kupitia lile tundu la sakafuni karibu na mashine ya kufulia. Mara ya mwisho yalitufika kwenye vifundo vya miguu, na zulia nililoletewa kutoka nyumbani likaishia jalalani. Mwenye nyumba anasema ni mafuta yangu ya maandazi. Jirani anasema jiji hili linamwaga vinyesi mtoni. Nimwamini nani?
*Mama Watatu*

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa zulia.

Tuanze na maandazi. Kama maji yanapanda siku ya jua, wapangaji wa juu wakivuta maji chooni, basi bomba la nyumba yenu limeziba: mafuta, vitambaa vya kufutia watoto, au mizizi ya mti. Hapo mwenye nyumba atakuwa na hoja. Lakini wewe unasema ni siku ya mvua tu. Angalia mara nyingine: yakianza kwenye tundu la chini kabisa, yana rangi ya chai ya maziwa, yamechanganyika na majani ya barabarani, kisha yanashuka yenyewe mvua ikikatika, hayo ni maji ya mtaa mzima. Maandazi yako hayahusiki.

Jirani naye hajasema uongo. Unakumbuka masika ya Manzese, radi ikipiga tu mtu anatoka kuzibua choo chake kitapike, uchafu uondoke na mafuriko? Chicago nayo hutapisha. Tofauti ni kwamba huku wahandisi walichora hivyo tangu mwanzo. Mabomba yalianza kulazwa miaka ya 1850, na bomba ni moja: la chooni kwako na la maji ya mvua barabarani. Siku kavu kila kitu kinakwenda kwenye mtambo wa kusafishia. Mvua ikizidi, bomba linajaa, na ziada inatokea mtoni kwenye matundu yaliyowekwa makusudi, kwa sababu bila hayo ingetokea ndani ya nyumba za watu. Na mto huo zamani uliingia Ziwa Michigan, ambako jiji lilichota maji ya kunywa! Mwaka 1900 wakafungua mfereji uliougeuza mto utiririkie upande mwingine.

Mwaka 1975 wakaanza kuchimba handaki. Nimewahi kuonyeshwa mdomo wake mmoja na sikutamani kusogea. Mahandaki yote yalikamilika mwaka 2006, kilomita 175 kwa jumla, mengine yakiwa karibu mita 90 chini ya ardhi, na penye upana mkubwa yanafika mita 10. Ziada ya mvua inashukia humo na kukaa, kisha mvua ikipita inasukumwa juu kwa pampu ikasafishwe. Mwaka 2015 wakaongeza bwawa la Thornton, ndani ya machimbo ya mawe ya chokaa, linalobeba lita bilioni 30 hivi. Mtoni sasa kunatapishwa mara chache sana kuliko zamani.

Utaniuliza: mahandaki yote hayo, halafu mimi nalowa vifundo? Ndiyo, kwa sababu handaki ni pipa kubwa, na bomba la mtaa wako ndiyo faneli. Mvua ya kupasua anga ikishuka kwa nusu saa, faneli inajaa pipa likiwa bado na nafasi tele. Maji yakikosa pa kwenda yanarudi nyuma, na tundu lako ndilo lililo chini kuliko mengine.

Ndiyo maana jiji limeweka vizuizi kwenye matundu ya barabarani, ili maji yasimame kwanza nje, yaingie bombani taratibu. Watu wanaona dimbwi wanakasirika, wengine wanachokonoa kizuizi na fimbo. Ukimwona mtu anafanya hivyo mkataze. Dimbwi lile likiondoka haraka, linakuja kwako.

Dawa yenyewe ni ya mwenye nyumba. Anaweza kuweka vali ya njia moja kwenye chemba ya uani, inayojifunga maji ya mtaani yakitaka kurudi. Au, kwa fedha nyingi zaidi, kuyapandisha mabomba ya chumba cha chini kwa pampu, yatokee juu. Kuna wanaochomeka kipande cha bomba kwenye tundu la sakafu ili maji yapande humo. Ni rahisi, lakini shinikizo likizidi sakafu hupasuka, nimeshaona.

Ila vali ina jambo lake, na hapa nikiri kosa langu. Zamani nilimwekea bibi mmoja vali safi kabisa, nikalipwa, nikaondoka. Mvua ilipokuja vali ikajifunga kama inavyotakiwa, naye akawasha mashine ya kufulia. Maji yake mwenyewe yakakosa njia, yakamjaa ndani. Sikuwa nimemwambia kwamba vali ikifunga, hata maji ya kwako hayatoki. Kwa hiyo ikinyesha kwa nguvu, usifue, usioge, chooni vuteni maji kwa lazima tu. Hata kama hamna vali fanya hivyo hivyo, kwa sababu mnamimina kwenye bomba lililojaa.

Halafu toka nje uangalie gata. Likiteremka na kuzama ardhini, paa lenu linamwaga kwenye bomba hilo hilo. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 50: hizo ni lita 5,000, simtanki tano za lita elfu. Mwombe mwenye nyumba alikate, alielekeze kwenye nyasi, mbali na ukuta na pasipo kumwagia jirani.

Kila yakipanda, piga picha, andika saa, ripoti 311, namba ya simu ya huduma za jiji. Maji yakikaribia soketi za umeme, msiingie humo kabisa.

Swali: Baba, mimi niko London. Bili yangu ya maji ina makato ya handaki la majitaka la mto Thames. Ni haki?
*Mlipaji*

Jibu: Ugonjwa ni ule ule. Mabomba makuu ya mhandisi Bazalgette, yaliyojengwa baada ya uvundo mkubwa wa mwaka 1858, nayo yaliachiwa milango ya kutapikia mtoni. Handaki jipya la kilomita 25 limeunganishwa lote Februari 2025, na walipa bili ndio wanaolilipia. Mimi ningelipa bila kunung'unika sana. Ila mafuta ya kukaangia weka kwenye kopo, usimwage kwenye sinki: mwaka 2017 chini ya Whitechapel walikuta pande la mafuta na vitambaa lenye urefu wa mita 250, tani 130, na kipande chake kikaonyeshwa Makumbusho ya London.