Jibu: Toyota IST ya otomatiki inashtuka gia zikishuka kwenye foleni

Mkuu, umesema ikipanda gia iko poa, ila ukipunguza mwendo kuelekea taa za Ubungo inashtuka kama imegongwa nyuma. Usikubali mtu akufungulie gia boksi kwanza. Kuna mafundi jibu lao la kwanza ni "tafuta nyingine", hata stiki ya kupimia oili hawajachomoa.

Anza na oili ya gia boksi, siyo ya injini. Gari liwe limetembea mpaka likapata moto, paki pasipo na mteremko, injini ikiwaka. Pitisha gia taratibu kutoka P hadi L, rudisha P. Chomoa stiki, futa, irudishe, chomoa tena, usome upande ulioandikwa HOT. Dondosha tone kwenye tishu nyeupe. Ikiwa nyekundu, sawa. Ikiwa kahawia na inanuka kuungua, imwage. IST zile za zamani zinatumia ATF (oili ya gia boksi ya otomatiki) Type T-IV, nunua dumu lililofungwa, hizi za kupimiwa achana nazo. Na kumwaga mara moja kunatoa sehemu tu, nyingine inabaki kwenye konveta (ile inayounganisha injini na gia boksi), kwa hiyo tembea kidogo urudie.

Oili ikiwa safi, tazama maunti za injini, zile raba zinazoishikilia. Sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ikiwa juu nayo inaleta mshtuko, safisha throto, pale hewa inapoingilia injini. Vyote vikiwa sawa ndiyo upime kwa mashine, hapo nitaanza kushuku solenoidi, vali za umeme zinazoongoza oili ndani ya gia boksi.

Hivi inashtuka hata ikiwa ya baridi asubuhi, au mpaka ipate moto?