Mwanao anachekesha, lakini anamcheka nani?

Makorora, Tanga

Mwanangu,

Umeuliza kama mjukuu wangu, anayelivunja mbavu darasa zima la kidato cha pili huko Korogwe, ana furaha kweli moyoni. Kicheko cha darasa hakikupi jibu. Sikiliza mzaha wake unamwangukia nani.

Mwaka 2003, mwanasaikolojia Rod Martin na wenzake nchini Kanada walitoa dodoso la sentensi 32, nane kwa kila aina ya mzaha: wa kuunganisha watu, wa kujipa moyo kwenye dhiki, wa kuchoma wengine, na wa kujidhalilisha ili upendwe. Aina mbili za kwanza huandamana na furaha na kujithamini. Wa kuchoma huweza kuharibu urafiki. Wa nne huandamana na huzuni na kujiona duni, ingawa haijulikani kila mara kipi kimetangulia. Huenda anajicheka kwa kuwa tayari anajiona hafai.

Huo wa nne ndio wa kuutazama. Sauti inakatika, chunusi zimejaa, naye anajisema kabla hajasemwa. Wenzake wanacheka, anapata nafasi kundini. Kesho lazima ajiseme zaidi, na wao wameshaona ruhusa ya kumwita hivyo hivyo. Utani wetu hauko hivyo: mtani hurushiwa naye hurusha, mnapokezana. Msikilize wiki mbili hivi. Je, yupo mwingine anayerushiwa, au ni yeye peke yake? Wageni wakiondoka, anabaki mchangamfu au ananyamaza ghafla?

Usimkemee mbele za watu, wala usimkataze mzaha, maana utamnyang'anya na ule unaomfaa. Akichekesha vizuri, cheka kwa sauti. Akijiita mjinga, usicheke. Baadaye, mkiwa wawili tu, anakuna nazi nawe unachambua mchele (kijana huongea zaidi asipokodolewa macho), mwambie: “Lile la kujiita mjinga halikunichekesha. Huwa unalisema lini?” Kisha nyamaza, hata kimya kikirefuka. Usimwambie yeye ni bora kuliko wote, hataamini. Taja jambo aliloliweza: hesabu aliyoikokotoa mwenyewe, mdogo wake aliyemfundisha kusoma.

Akikosa usingizi, akiacha kula, akikwepa shule au kujitenga kwa wiki mbili, mpeleke hospitali hapo Korogwe. Akitania kuhusu kufa, hata mara moja, muulize waziwazi siku hiyo hiyo kama anawaza kujidhuru. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akikubali, usimwache peke yake, mpeleke papo hapo. Wakikuandikia rufaa ya kuja hospitali ya Bombo hapa Tanga, nipigie, nitawapokea stendi ya Kange.

Mama yako