Pilipili ya chupa inayofura dukani

Waalaikumu salaam, dada yangu wa Wete. Umeuliza kwa nini pilipili yako ya embe na thomu inafura baada ya wiki mbili, na duka la Unguja linakurejeshea.

Kufura ni gesi: vimelea vimebaki hai, vinakula sukari ya embe. Kwa ulivyoeleza, unaacha sufuria ipoe ndipo unajaza. Hapo ndipo panapoharibika. Jaza ikiwa nyuzi 85 au zaidi, kwa kipimajoto, si kwa kukisia kwa mkono. Chupa ziwe za kioo, zimechemshwa dakika 10 na bado za moto, maana kioo baridi hupasuka na plastiki nyepesi hujikunja. Acha nafasi ya sentimita 1 juu, funga kifuniko kipya, ilaze chupa dakika 3 ili moto uguse kifuniko.

La pili ni uchachu, na hili nakuomba usilipuuze. Thomu na vitunguu hupunguza ukali wa siki. pH ni kipimo cha uchachu: namba ikiwa ndogo, uchachu ni mkali zaidi. Ikizidi 4.6, bakteria wa botulini wanaweza kuota na kutoa sumu ya kuua bila harufu wala kufura, lenga 4.0 au chini. Saga sampuli, ipoze, pima. Ikizidi, ongeza siki ya asilimia 5, chemsha, pima tena. Andika kila mpiko daftarini.

Zilizofura zitupe zote, usizipike upya. Lebo na usajili wa ZFDA (Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar) na ZBS (Taasisi ya Viwango Zanzibar) fuatilia baada ya mipiko mitatu kutoka sawa.