Maswali yenu: Mwenyekiti wa mtaa aanzie wapi kwenye taka?

Safari hii maswali mengi yametoka kwa viongozi wa mitaa wenyewe, na kwakweli nimefurahi, maana tumezoea kupokea barua za watu wanaowalalamikia. Nimechukua manne. La kwanza nimelijibu kwa kirefu kwasababu mengine yote yanaegemea pale.

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi ni mwenyekiti wa mtaa huku Temeke, nimeingia kwenye uchaguzi ule wa Novemba 2024. Kwenye semina tulifundishwa uchumi wa mzunguko, yani kitu kikishatumika kirudi kazini kisiishie dampo, nikaupenda sana. Sasa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunafanya usafi, wananchi wanatoka kweli, lakini wiki mbili tu mitaro imejaa tena. Bajeti hatuna. Nianzie wapi?

JIBU: Mwenyekiti hongera, na hiyo Jumamosi usiiache. Ila ujue mtaro unapokea tu, taka zenyewe zinaanzia jikoni na huko ndo kwa kwenda. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani kwenye miji yetu ni vitu vya kuoza: maganda ya ndizi na viazi, mabaki ya ugali, vichwa vya dagaa, majani ya uani. Vikichanganywa kiroba kimoja na chupa na maboksi vyote vinaharibika, boksi likilowa halina mnunuzi, chupa yenye mchuzi ndani inashushwa bei au inakataliwa kabisa, alafu gari linabeba uzito wote huo mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi wakati sehemu kubwa ya mzigo ni maji. Na kule vitu vya kuoza vikifukiwa bila hewa vinatoa methani, gesi inayolipasha joto anga kuliko hata ile kaboni tunayoisikia kila siku.

Kwahiyo anza na ndoo mbili kila nyumba. Moja mbichi moja kavu, basi. Zile ndoo tano za rangi rangi za kwenye mabango waachie maofisi kwanza.

Na usianze na mtaa mzima nakuomba. Chagua wajumbe wawili wanaosikilizwa, anza na nyumba zao. Mjumbe anajua nani kahamia jana, nani ana genge la mama lishe, mwenye nyumba gani hakai hapo na kodi anapokea kwa simu. Nyumba za kupanga ndo mtihani wenyewe, vyumba nane choo kimoja uani pamoja, mmoja anatenganisha mwingine anakuja usiku anamwaga humohumo, hapo ongea na mwenye nyumba ndoo ziwekwe sehemu moja inayoonekana na wapangaji wenyewe wachague mtu wa kuziangalia. Pita nyumba kwa nyumba, rudi tena, rudi tena. Kipaza sauti kinatangaza, hakifundishi.

Kuna jambo moja limeua miradi mingi naomba ulishike sana: mzoa taka akija na guta akamwaga ndoo zote mbili mahali pamoja mbele ya mama aliyetenganisha, huyo mama humpati tena, na majirani zake nao umewapoteza. Kwahiyo kabla hujatangaza chochote panga kwanza mbichi inakwenda wapi na kavu inakwenda wapi. Mbichi ichukuliwe mara nyingi maana inanuka, kavu hata mara moja kwa wiki inatosha. Na mzoa taka apewe ruhusa ya kufungua ndoo pale mlangoni, akikuta imechanganywa aeleze kwa upole.

Mfano unao karibu, nenda Bonyokwa. Kule asasi ya Nipe Fagio ilifanya kazi na viongozi wa kata, wazoa taka wakaunda ushirika wao, wanapita nyumba kwa nyumba na mzigo unakwenda kwenye kituo cha kuchambulia. Nenda na wajumbe wako wakaone kwa macho, itasaidia kuliko semina tatu.

Mbichi fanya mboji. Unahitaji kaeneo kenye kivuli, tabaka la mabaki tabaka la majani makavu au pumba za mbao, unyevu kiasi, geuza kila baada ya siku kadhaa, ndani ya miezi miwili mitatu hivi inakuwa nyeusi inanuka udongo. Ikinuka uvundo ujue hewa haiingii au imelowa sana, ongeza vikavu ugeuze. Wengine wanafuga funza wa inzi weusi, wanakula mabaki alafu wao wanakuwa chakula cha kuku na samaki, hiyo inafaa kama mtaani wafugaji wapo. Ila usiwaahidi watu utajiri wa mboji, soko lake ni la polepole. Anza na wakulima wa mchicha walioko mabondeni na wenye vitalu vya maua barabarani, wagawie kidogo bure wajaribu.

La mwisho ni ada ya taka. Kwenye mkutano wa mtaa isomwe imeingia ngapi imetoka ngapi, na karatasi ibandikwe ofisini. Watu wanagoma kulipa pale wasipojua hela inakwenda wapi.

SWALI: Shikamoo dada. Naokota chupa na makopo Mwanza mwaka wa sita sasa, nina watoto watatu. Watu wanatuita chokoraa, migambo wanatufukuza. Huo mzunguko mnaousema sisi tupo wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nyie ndo mnaouzungusha, na mlianza kabla hata semina hazijajua jina lake. Chupa inayofika kiwandani ikawa kitu kingine imepita mikononi mwa watu kama wewe, na naumia sana kuona mnaitwa majina.

Nenda kwa mwenyekiti wako mkiwa wengi, usiende peke yako. Mwombeni vitu vitatu ambavyo havimgharimu: vitambulisho vyenye mhuri wa ofisi, kutambulishwa kwenye mkutano wa mtaa, na sehemu ya kuhifadhia mzigo. Hiyo ya kuhifadhia ndo yenye hela ndani yake, maana ukiuza kidogo kidogo kila jioni dalali anakupangia bei, mkikusanya kwa pamoja mkatenganisha chupa nyeupe na za rangi, plastiki laini na ngumu, mnaweza kuongea na mnunuzi mkubwa moja kwa moja. Alafu jisajilini kikundi. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata, na kama mzunguko huu mmekosa msikate tamaa, ombeni unaofuata.

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mzee wa kijiji Kilifi, Kenya. Vijana wangu wanaokota plastiki ufuoni lakini kaunti haina gari ya kuja kuchukua. Sheria yasemaje?

JIBU: Waaleikum salaam mzee wangu. Nyie wa Kenya mna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inataka taka zitenganishwe zinapozalishwa, za kuoza na zisizooza, na inazipa kaunti jukumu la kuweka vituo vya kuchambua. Andikeni barua kwa kaunti mkiitaja, nakala mpeni MCA wenu, yani mwakilishi wenu kwenye bunge la kaunti, wekeni na picha za mzigo uliokwisha kuchambuliwa. Ombi lenye mzigo tayari lina nguvu.

Na vijana wako waangalie kule Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, tani 10 hivi, likazinduliwa 2018 na mwaka uliofuata likasafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Wasikimbilie kuunda chombo, wachukue ule utaratibu tu, kuosha, kuchambua kwa aina, kupata fundi wa karibu anayeweza kuitumia.

SWALI: Mjumbe hapa Morogoro. Jirani anawashia mkaa kwa mifuko na vipande vya mabomba, nimwambieje bila ugomvi?

JIBU: Mjumbe, nenda asubuhi wakati jiko halijawaka, na umbebee kitu mbadala, vifuu vya nazi au magunzi makavu. Mwambie moshi wa mabomba yale ya PVC una sumu na wanaouvuta kwanza ni watoto wake wanaokaa karibu na jiko. Mabomba mwambie akuwekee pembeni, ukipata ya kutosha uliza kwa wanunuzi wa plastiki ngumu kama wanayapokea.