Je, askari mstaafu akikosoa mahakama za kijeshi ni msaliti?

Ndugu yangu, umeuliza kama mtu aliyekula kiapo cha jeshi anaweza kupinga raia kuhukumiwa na mahakama ya kijeshi na bado akaitwa mzalendo. Mimi mstaafu nasema anaweza. Ibara ya 208 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inataka jeshi liwe la kizalendo, lenye nidhamu, lisiloegemea chama chochote na lililo chini ya mamlaka ya kiraia. Uzalendo na utii kwa raia vimewekwa pamoja, ingawa makambini tulisisitiziwa zaidi nidhamu.

Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi wake Januari 2025, ilizuia raia kushtakiwa katika mahakama za kijeshi, na hoja yake askari yeyote anaielewa: afisa anayeketi kuhukumu ana mkubwa anayempa amri, anayeweza kumhamisha kesho. Miezi michache baadaye Bunge lilipitisha sheria iliyorudisha baadhi ya kesi hizo, kwa hiyo mjadala haujakwisha.

Kuhusu imani, kama dini iguse mambo ya dola, huko Mogadishu nilikotumikia jeshi tuliswali na kusali nyuma ya viroba vile vile vya mchanga, Waislamu Ijumaa, sisi Jumapili, na aliyebaki ndiye aliyeshika lindo. Wanaodai dini isiguse mambo ya dola wamsahau vipi Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa Februari 1977 baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Rais Idi Amin wakipinga mauaji? Leo simsikii mtu akimwita msaliti.