Maswali ya Wasomaji: Ng'ombe Anarudi Joto Kila Baada ya Siku 21

SWALI: Nafuga ng'ombe mmoja, chotara wa Friziani, kwenye banda la uani. Amehimilishwa (amewekewa mbegu za dume kwa mrija) mara tatu na kila baada ya siku 21 anarudi joto, yaani anataka dume tena. Je, napewa mbegu mbovu? – Mfugaji, Kigamboni

JIBU: Ndugu mfugaji, usianze na mbegu. Akirudi kwa siku 21, mzunguko wake uko sawa. Ama yai halikurutubishwa, ama mimba ilikufa changa mno. Tunachoshuku kwanza ni muda wa kuhimilisha.

Ng'ombe wako yuko peke yake. Dalili ya uhakika kuliko zote ni kusimama anapopandwa na mwenzake, na wa kumpanda hayupo. Tena kwa jua la Dar es Salaam, dalili hufifia mchana zikajitokeza usiku. Mwangalie alfajiri, jioni na tena saa 4 usiku, dakika 20 kila mara. Tafuta ute mwangavu unaovutika kama ute wa yai, unaning'inia au umegandia mkiani. Uke huvimba, ng'ombe hulia ovyo, maziwa hupungua. Ukikuta damu kidogo mkiani umeshachelewa, joto limepita kwa siku moja hadi tatu, usimwite mhimilishaji. Andika tarehe, na siku ya 16 anza kumvizia upya.

Yai hutoka joto likishaisha, saa 10 hadi 14 baadaye, na halidumu. Kwa hiyo aliyeonekana alfajiri ahimilishwe jioni ileile. Wa jioni, kesho yake asubuhi kabla ya saa 4. Kama mhimilishaji wako hufika siku inayofuata kwa sababu ya foleni ya kivuko, hapo ndipo mimba inapopotea.

Akifika, simama karibu utazame. Mbegu hukaa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mrija wenye mbegu utolewe kwa koleo na uingie mara moja kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37, kwa sekunde 30 hadi 40. Maji yapimwe kwa kipimajoto. Kuyakadiria kwa kidole hakutoshi. Kisha mrija ukaushwe vizuri, maana tone la maji likigusa mbegu huziua, na utumike ndani ya dakika 15. Kuuyeyusha mfukoni mwa shati ni kosa kubwa, na uliokwisha kuyeyuka haurudishwi mtungini. Mbegu ziachwe mara tu baada ya kuvuka mlango wa kizazi, si kabla.

Hata hivyo, kwa kuwa ameshashindwa mara tatu, daktari wa mifugo amkague kizazi kabla ya mara ya nne. Ute wenye usaha ni maambukizi: atibiwe kwanza. Mbavu zikihesabika, ongeza pumba, mashudu na madini. Asiporudi joto, apimwe mimba kwa mkono kuanzia siku ya 60.