Uliza Lugha: Kiitaliano cha bichi, ngeli za wageni na sauti za Kiamu

Barua za safari hii karibu zote zimetoka Malindi na Lamu. Tumejibu tano. Majina tumeyaacha kama wenyewe walivyoomba.

Nimeganda kwenye "io andare"

*Mhariri, salamu. Naongoza watalii hapa Malindi, huu mwaka wa sita. Kiitaliano nimekiokota bichi, sikukisomea. Wageni wananielewa, nawapeleka Gede na Marafa, bei tunapatana. Juzi niliomba kazi ya maana nikaambiwa Kiitaliano changu ni cha kuitia wateja tu. Nasema "io andare" (mimi kwenda), "tu mangiare" (wewe kula), najua ni makosa na siwezi kuacha. Umri umenipita?*

Umri haujakupita, ndugu yetu. Hali yako ina jina katika isimu. Mwaka 1972 Larry Selinker aliandika juu ya lugha ya kati, ile anayojijengea mwanafunzi, ambayo si lugha ya mama wala si ile anayoitafuta. Ina kanuni zake, na baadhi ya makosa yake huganda. Ya kwako yameganda kwa sababu yanakulipa: mgeni anaelewa, boti inajaa, kwa nini ulimi ujisumbue? Halafu Mwitaliano mwenyewe, akikusikia, anakukatia lugha naye: "tu venire domani?" (wewe kuja kesho?) Anadhani anakusaidia. Kumbe miaka sita umekuwa ukirudishiwa kosa lako mwenyewe.

Sasa sema kwa Kiswahili: "mimi kwenda soko, wewe kula samaki." Hakuna mtoto wa Malindi anayesema hivyo. Sisi mtendaji tunambandika kwenye kitenzi: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. Kiitaliano kinafanya hivyo hivyo, ila kimempeleka mkiani: parl-o, parl-i, parl-a, parl-iamo, parl-ate, parl-ano. Na kama ambavyo "naongea" haidai "mimi" mbele yake, "parlo" nayo haidai "io". Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuiacha "io" kabisa kwa mwezi mzima. Ukishaiondoa, kitenzi kitupu hakina pa kuegemea, utalazimika kukipa mkia.

Dawa ya pili ni kujihesabu. Jirekodi kwa simu dakika 5 ukieleza safari ya Marafa kama unavyomweleza mgeni. Andika kila neno kama lilivyotoka, usijirembe. Pigia mstari vitenzi vyote, kisha hesabu vilivyobaki vitupu, kama andare, vedere, pagare. Vile vinavyofuata voglio (nataka), posso (naweza) na devo (sina budi) usivihesabu, hapo utupu ni sahihi: "voglio andare" ni sawa na "nataka kwenda". Ukipata 30 vibovu kati ya 40, hiyo ndiyo namba ya kuanzia. Rekodi tena baada ya wiki 3 uone imeshuka hadi ngapi.

Katikati ya wiki hizo shika vitenzi 8 tu ambavyo kazi yako haiendi bila hivyo: essere, avere, andare, venire, vedere, mangiare, pagare, aspettare. Andare ni kigeugeu kweli: vado, vai, va, andiamo, andate, vanno. Kisha fanya zoezi la 4/3/2 ambalo Paul Nation, mtafiti wa ufundishaji wa lugha, amelipigia debe sana. Maelezo yale yale mpe mtu wa kwanza kwa dakika 4, wa pili kwa 3, wa tatu kwa 2. Wengi hulikosea hapa: wanakimbilia kasi kabla ya kurekebisha maandishi, na kasi juu ya kosa hulizidisha kuganda. Rekebisha kwanza, ndipo ukimbie. Vitu vingine, kama jinsia za nomino, viache vikungoje. Anayerekebisha yote kwa siku moja harekebishi hata moja.

Jambo dogo la adabu. Kiitaliano cha bichi kinamwambia kila mtu "tu". Mzee wa miaka 70 unayemwona leo kwa mara ya kwanza huitwa "Lei", na kitenzi chake ni cha nafsi ya tatu: "Lei viene domani?" Kumwambia "tu" ni kama kumpita mzee barazani bila shikamoo.

Kwa nini wanaficha kicheko?

*Nahudumu mezani hotelini, Malindi. Kila nikitaja miaka yangu kwa Kiitaliano wageni wanatazamana. Nasema "ho trenta ani". Kosa liko wapi?*

Liko kwenye n moja. "Anni", yenye n mbili, ni miaka. "Ani", yenye n moja, ni wingi wa sehemu ya mwili ambayo haitajwi mezani. Umewaambia unazo thelathini.

Kiswahili hakina konsonanti maradufu, ndiyo maana sikio linaipita. Lakini kama ulisoma chuoni, yaani madrasa, sikio hilo unalo, hujalitumia tu: ni shadda, alama ya Kiarabu ya kuikaza herufi. *Darasa* ni alisoma, *darrasa* ni alifundisha. Ukiiona "palla" (mpira), iwekee shadda juu ya l, na irabu ya kabla yake ifupishe. Ukiiona "pala" (koleo), ivute irabu na uipite l haraka. Jozi nyingine za kuanzia ni sete (kiu) na sette (saba), nono (wa tisa) na nonno (babu), casa (nyumba) na cassa (pa kulipia).

Chora picha za jozi hizo. Mwenzako aseme neno, wewe uguse picha, mara 20. Ukipata 10 umebahatisha tu. Ukifika 18, anza kusema wewe na yeye aguse. Kusikia kwanza, kusema baadaye, kwa sababu usichokisikia huwezi kujisahihisha ukikisema.

Na menyu isikuhadae kwa tahajia. "Ch" yao ni k yetu, na "c" mbele ya i au e ndiyo ch yetu. Chianti ni "Kianti", cucina ni "kuchina", gnocchi ni "nyokki", bruschetta ni "brusketta". Tena mkazo hauko daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu. Meza ni TAvolo, si taVOlo.

Anasoma vizuri, haelewi

*Mtoto wangu wa miaka 11 anasoma Kiarabu bila kukwama, maana haijui. Nianzie wapi?*

Anzia kwenye Kiswahili anachokijua. Muulize kitabu, katibu, maktaba na katiba vina nini cha pamoja. Akizigundua k, t na b, ameshaujua mzizi wa herufi tatu, ambao ndio ufunguo wa kamusi ya Kiarabu. Maneno mapya 10 kwa siku yanamtosha, kwenye vikadi: upande mmoja Kiarabu, wa pili picha au maana. Vipange kwenye kisanduku cha vyumba 5 alichokieleza Sebastian Leitner mwaka 1972. Kadi aliyoipata inasogea mbele na kukaa muda mrefu zaidi kabla ya kuulizwa tena, aliyoikosa inarudi chumba cha kwanza. Muonye tu kuhusu ndugu wasiofanana tabia: rahisi kwetu ni jambo lisilo gumu, lakini *rakhis* ya Kiarabu ni kitu cha bei ndogo.

Kitabu yangu, kitabu yangu, kitabu yangu

*Nafundisha wageni Kiswahili hapa Amu. Ngeli zinanimaliza. Mtu anasema "kitabu yangu", namrekebisha, kesho anarudia. Tena wakitoka nje wanasikia mai, moya, ndia, wanarudi wamechanganyikiwa. Niwafundishe kipi?*

Tuanze na unavyorekebisha. Bila shaka yeye anasema "kitabu yangu", nawe unajibu kwa upole, "Aa, kitabu chako!" Watafiti Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza madarasa ya Kifaransa huko Kanada na kuchapisha matokeo mwaka 1997. Waliona kwamba walimu walitumia zaidi namna hii ya kurudia sentensi ikiwa imenyooshwa, na ndiyo iliyowafanya wanafunzi wajirekebishe kwa uchache kuliko zote. Kwenye Kiswahili hatari inazidi. Umebadilisha vitu viwili kwa pamoja, ya- kuwa cha- na -ngu kuwa -ko. Mgeni anasikia cha pili tu, anaona umekubali na mazungumzo yanaendelea. Badala yake, rudia hadi ukingoni mwa kosa ukanyamaze: "Kitabu...?" Mngoje, hata sekunde tano. Akikitoa "changu" mwenyewe, kitakaa.

Nomino usiitoe peke yake kamwe. Ubaoni na daftarini iandikwe na mwenzake: kitabu changu, nyumba yangu, mkate wangu, jina langu. Jedwali la ngeli zote siku ya kwanza ni la kumtisha mtu. Wiki mbili za mwanzo zinatosha na A-WA, KI-VI na I-ZI.

Kuhusu lahaja, wafundishe kusema sanifu na kusikia Kiamu, lahaja ya Lamu. Kusikia hakudai zaidi ya somo la saa moja, maana mabadiliko yana utaratibu. J ya sanifu huwa y au hupotea: moja ni moya, kuja ni kuya, jua ni yua, maji ni mai. Ch huwa t: macho ni mato, kichwa ni kitwa. Nj huwa nd: njia ni ndia, njaa ni ndaa. Vi- huwa zi-: vitu ni zitu, vyombo ni zombo. Mgeni akijua hili, akiitwa "ndoo!" hatatafuta chombo cha maji. Na asiambiwe kwamba watu wa mtaani wanakosea. Sanifu ilijengwa juu ya Kiunguja, na kamati ya kuisimamia ilianza mwaka 1930. Tenzi za Amu na Pate zilikuwa zikiandikwa tangu zamani.

Kurekodi Kiamu kwa ajili ya tasnifu

*Ni mwanafunzi wa isimu, kwetu Lamu. Nataka kuchunguza mpumuo, ile pumzi inayofuata konsonanti kama k na p, katika Kiamu: kaa la moto na kaa wa pwani, paa la nyumba na paa wa mwituni. Nina simu tu. Nifanyeje isiharibike?*

Mada nzuri, tena yafaa ifanywe na mtu wa hapo. Leseni ya NACOSTI, tume ya Kenya inayotoa vibali vya utafiti, iwe mkononi kabla ya kurekodi mtu yeyote, na kila mzee akubali kwa sauti mwanzoni mwa rekodi.

Orodha ya maneno usimpe mtu asome. Maandishi yetu hayaonyeshi mpumuo, na mtu akishika karatasi hugeuka mtangazaji wa redio, Kiamu chote kikaondoka. Tumia picha. Hata sentensi ya kubebea neno usiitunge wewe. Mwombe yeye atoe ya kwake yenye maana ya "nimesema fulani mara mbili", ili asivutwe na sanifu yako. Jozi 10, kila neno mara 3, ni sentensi 60. Zichanganye, kwa sababu kaa na kaa zikifuatana msemaji ataitia chumvi tofauti yake. Wasemaji 12 wanatosha kuanzia, nusu wanawake, nusu wenye zaidi ya miaka 60. Andika kila mmoja alikulia mtaa gani na alisoma hadi wapi. Kwa akina mama, atakayeuliza awe mwanamke.

Simu inafaa ukiweka programu inayohifadhi WAV kwa kHz 44.1 na biti 16. Dakika moja ya mono ni karibu MB 5, saa moja karibu MB 320, basi safisha nafasi mapema. Sauti za WhatsApp usizitumie. Zinabanwa, na mpumuo ni upepo mwembamba unaochakachuliwa mapema. Weka simu kwenye hali ya ndege, shubiri moja kutoka mdomoni na pembeni kidogo, maana ikikaa mbele kabisa pumzi ya p itaipiga maiki na kukupa mlipuko badala ya kipimo.

Mahali ndipo wengi wanapofeli. Barazani na dakani kuna punda, mikokoteni na salamu za kila apitaye. Kiwandani, yaani uani, kuna upepo. Chumba cha ndani cha nyumba ya mawe ni kimya, lakini kuta za chokaa zinarudisha mwangwi, nao huufunika mwisho wa konsonanti. Tandika mikeka na magodoro, ning'iniza kanga ukutani nyuma ya msemaji, funga madirisha, zima panka. Pangia kati ya sala, adhana isikukatize.

Nyumbani fungua rekodi kwa Praat, programu ya bure, upime tangu konsonanti inapoachiliwa hadi mawimbi ya irabu yanapoanza. Kwenye kaa wa pwani pengo hilo litakuwa refu kuliko la kaa la moto. Ukiona maneno mawili yanalingana kwa msemaji mmoja, usimtupe. Huenda ni kijana ambaye tofauti hiyo imeshamtoka, naye ni sehemu ya jibu lako.

Kabla hujaaga, sikiliza dakika mbili za mwanzo kwa spika za masikioni, ukiwa bado umeketi na mwenyeji. Ikiwa ni mbovu, kahawa haijapoa, mtarudia.